Kabla ya Kutia Sahihi: Mwongozo kwa Anayetaka Kazi ya Ulinzi wa Anga katika Jeshi la Marekani

Kijana mwenye uraia wa Marekani au kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anapoingia katika ofisi ya uandikishaji wa jeshi la nchi kavu, orodha ya kazi atakayowekewa mezani huweza kuwa na namba kadhaa zinazoanza na 14. Hizo ni kazi za ulinzi wa anga, yaani kuona, kufuatilia na kuangusha ndege, makombora na droni za adui kabla hazijafika zilikokusudiwa. Picha atakayoonyeshwa, bila shaka, ni ya kombora likichomoka kwa moto na moshi. Picha hiyo si ya uongo, lakini wapo askari wanaomaliza mkataba wao wote bila kuona jambo hilo nje ya uwanja wa mazoezi. Kazi yenyewe, siku baada ya siku, ni kutunza mitambo na kungoja, na anayeipima kabla ya kutia sahihi anapaswa kujiuliza kama ataweza hayo mawili.

Chagua mtambo kwanza, kazi baadaye

Kinachoamua maisha ya askari wa ulinzi wa anga ni mtambo atakaokabidhiwa, kwa sababu mtambo ndio huamua ataishi wapi, atalala saa ngapi na atapelekwa nchi gani. Kwa hiyo soma namba moja moja ukiwa na swali hilo akilini.

Namba 14E na 14T zote mbili ni za Patriot, mfumo wa makombora ya kuangushia ndege na makombora ya adui kutoka ardhini, lakini zinatenganisha watu wa aina mbili. Wa 14E huendesha na kutengeneza rada pamoja na chumba cha kudhibiti ufyatuaji. Kazi yake ni ya skrini, nyaya, kadi za kielektroniki na vitabu vinene vya ufundi, na mafunzo yake ni marefu kuliko ya mwenzake. Wa 14T huhudumia mitambo ya kurushia makombora: huiendesha barabarani, huisimamisha, huipakia na kuipakua kwa kreni. Mikono yake haikauki grisi. Kama ulipenda fizikia shuleni na unaweza kukaa chumba kimoja saa kumi na mbili bila kuwaka hasira, 14E itakufaa. Kama unapendelea magari makubwa na kazi ya jua kali, usidanganywe na mtu anayekwambia kwamba 14T ni kazi ya chini.

Namba 14P huenda na vikosi vya ardhini. Hapo utakutana na Stinger, kombora la begani lenye uzito wa kilo 15 na ushei pamoja na bomba lake. Avenger, ambayo ni Humvee, gari jepesi la jeshi, iliyobeba makombora manane ya Stinger. Na gari la deraya la Stryker lililowekewa mzinga na makombora, ambalo tangu 2024 linaitwa Sgt. Stout kwa heshima ya Sajenti Mitchell Stout, askari pekee wa ulinzi wa anga aliyewahi kutunukiwa Nishani ya Heshima, aliyeuawa Vietnam mwaka 1970. Watu wa 14P pia ndio wanaobebeshwa sehemu kubwa ya kazi ya kupambana na droni, na kwa jinsi vita vya miaka hii vinavyokwenda, sidhani kama kuna namba katika orodha hii inayobadilika haraka kuliko hiyo. Anayetaka kazi itakayobaki vilevile kwa miaka minne asiiguse.

Zilizobaki, 14G na 14H, ni za kuunganisha taarifa za rada mbalimbali kuwa picha moja ya anga na za kuendesha rada za tahadhari ya mapema. Ni kazi za kimyakimya, zenye watu wachache, na aliyezipata hukaa karibu na makao makuu.

Kazi zote hizi ziko wazi kwa wanawake. Tangu mwaka 2016 hakuna kazi ya kivita katika jeshi la Marekani waliyofungiwa kwa sababu ya jinsia.

Jambo moja linawagusa hasa wasomaji wenye kadi ya kijani, wakiwamo wengi waliofika Marekani kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Kadi hiyo inatosha kukuingiza jeshini, lakini kazi inayohitaji kibali cha kuona taarifa za siri hupewa raia peke yao, na ulinzi wa anga una kazi za aina hiyo. Mwulize afisa uandikishaji, kwa namba kamili ya kazi, kama inahitaji kibali hicho, na umwombe akuonyeshe masharti yaliyoandikwa. Jibu la kwamba hilo litashughulikiwa baadaye lisikutoshe. Askari mwenye kadi ya kijani ana njia yake ya kuomba uraia akiwa kazini, na wapo wanaoanza na kazi nyingine, wakapata uraia, kisha wakaomba kuhamia namba ya 14. Ni njia ndefu, lakini inaeleweka.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, hakikisha namba ya kazi imeandikwa ndani ya mkataba. Maneno ya mdomo ofisini hayana nguvu yoyote utakapofika kambini. Elewa pia kwamba mkataba wa kwanza unakufunga kwa jumla ya miaka minane: sehemu yake, mara nyingi miaka mitatu hadi sita, ni ya kazi ya kila siku, na iliyobaki ni ya akiba, ambayo jeshi linaweza kukuita likikuhitaji.

Depo, kisha Fort Sill

Depo, yaani mafunzo ya awali, huchukua majuma kumi, na hayatofautiani na ya kuruta mwingine yeyote: kwata, mbio, bunduki, usingizi mfupi. Nisipoteze muda wako hapo.

Baada ya depo, njia zote za ulinzi wa anga hupitia Fort Sill, kambi iliyo karibu na mji wa Lawton katika jimbo la Oklahoma. Chuo cha ulinzi wa anga kilihamia hapo kutoka Fort Bliss, Texas, mwaka 2009, na kinaishi jirani na chuo cha mizinga ya nchi kavu, ndiyo maana utasikia mizinga ikipigwa hata siku ambayo darasa lako linasoma michoro ya umeme. Jifunze Kiingereza cha vitabu vya ufundi kabla ya kufika. Anayezungumza vizuri mitaani anaweza kukwama kwenye kitabu chenye hatua arobaini za kuwasha mtambo, ambamo kila hatua ina onyo lake, na mkufunzi anataka uitaje kwa mpangilio na kwa maneno yaleyale. Soma kwa sauti, mkiwa wawili, mmoja akitaja hatua na mwingine akiitikia. Ndivyo utakavyofanya kazi hata ukiwa kikosini.

Siku ya kawaida kwenye kombania ya Patriot

Nitakaa zaidi kwenye Patriot kwa sababu ndiko kunakokwenda askari wengi wa namba hizi. Kombania moja ina watu wapatao 90, lakini wanaokaa ndani ya chumba cha kudhibiti wakati wa kufyatua ni watatu tu. Wengine wote wapo ili hao watatu waweze kufanya kazi: wa rada, wa jenereta, wa mitambo ya kurushia, wa mawasiliano, wa mafuta, wa magari, wa lindo. Ukiielewa hesabu hiyo mapema, hutavunjika moyo utakapojikuta miezi sita kikosini na hujakalia kiti cha mbele ya skrini.

Kambini nchini Marekani, iwe Fort Bliss, Fort Sill, Fort Hood au Fort Bragg, wiki huanzia karakana ya magari. Utapita kwenye lori na kitabu mkononi, ukikagua mafuta, magurudumu, breki, taa, mikanda na uvujaji, na kila kasoro unaiandika kwenye fomu. Ni kazi ya kuchosha, na askari wapya huijaza fomu kwa mazoea bila kuinama chini ya gari. Usiwe mmoja wao, kwani gari lile lile ndilo litakalovuta mtambo wa kurushia siku ya zoezi, na litakapozimika barabarani fomu itasomwa upya, jina lako likiwa chini.

Kisha huja mazoezi ya kuhama na kusimamisha kombania, ambayo hupimwa kwa saa ya mkononi. Mtambo wa kurushia unafika ukiwa nyuma ya trekta lake. Mmoja anaongoza kwa ishara za mkono, dereva anarudi nyuma polepole, miguu ya chuma inashushwa, mtambo unasawazishwa, jenereta yake ndogo inawashwa, mawasiliano na chumba cha kudhibiti yanaunganishwa. Katikati ya hayo yote kuna msumari mrefu wa shaba wa kutuliza umeme ardhini, ambao lazima upigwe kwa nyundo hadi uzame. Juu ya udongo mkavu wa Texas magharibi, au kwenye ardhi ngumu ya Ghuba iliyochanganyika na mawe, msumari huo ni adui wa kila 14T: unapiga, unadunda, unapinda, unaung'oa na kuanza upya hatua mbili pembeni, huku sajenti akitangaza dakika zilizobaki. Vaa glavu, mwagia ardhi maji mapema ukiruhusiwa, na mpokezane nyundo kabla mmoja hajachoka.

Rada nayo ina sheria isiyo na mzaha: inapotuma mawimbi, hakuna kupita mbele yake. Eneo la hatari huwekewa alama, na askari anayekatiza njia ili awahi chakula huwa anacheza na mwili wake. Nyuma ya rada kuna jenereta kubwa mbili za dizeli juu ya lori moja, kila moja ya kilowati 150, na kelele zake ndizo sauti ya maisha yako yote ya Patriot. Vaa vizibo vya masikio kila mara, hata wanaokuzunguka wakicheka. Upungufu wa kusikia ni miongoni mwa madhara yanayowasumbua sana wastaafu wa jeshi la Marekani, nao huingia bila kubisha hodi.

Kungoja kwa akili

Nje ya nchi, kombania huwa macho mchana na usiku. Zamu za saa kumi na mbili ni jambo la kawaida. Unaingia saa kumi na mbili jioni, unakabidhiwa daftari na hali ya kila mtambo, unatoka jua likichomoza, unalala mchana kwenye chumba ambacho kiyoyozi chake hakitabiriki. Nje joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Ndani ya chumba cha kudhibiti, taa ni hafifu, mashine zinapulizwa baridi, na kwenye skrini zinapita ndege za abiria, za mizigo na za kirafiki, saa baada ya saa. Ugumu wake ni kubaki makini pale ambapo hakuna kinachotokea. Kwa hiyo jiwekee utaratibu: badilisha mkao, ulizaneni taratibu za dharura bila kutazama kitabu, andika kila jambo dogo daftarini, usifiche usingizi unapokuzidi. Askari anayemwambia mkuu wake "Afande, naomba nibadilishwe dakika kumi" anafanya kazi yake vizuri kuliko anayekodoa macho huku akili imelala.

Kwa nini utaratibu huo una uzito, historia ya Patriot yenyewe inaeleza. Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud la Iraq liliangukia bweni la askari huko Dhahran, Saudi Arabia, na kuua Wamarekani 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100, na kosa dogo katika namna kompyuta yake ilivyohesabu muda lilikuwa limejilimbikiza hadi kufikia takriban theluthi moja ya sekunde. Kwa mwendo wa Scud, theluthi hiyo ni zaidi ya nusu kilomita, kwa hiyo rada ilitazama mahali ambapo kombora halikuwapo. Vikosi vilikuwa vimeonywa kwamba kuwasha mfumo kwa muda mrefu sana kuna madhara, ila onyo halikusema muda mrefu ni saa ngapi, na programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata. Ukipewa agizo lisilo na kipimo, uliza kipimo. Hakuna afande mwenye akili atakayekukemea kwa swali hilo.

Upande wa pili ni kufyatua pasipostahili. Mwaka 2003, katika vita vya Iraq, Patriot iliangusha ndege ya Tornado ya Uingereza na kuua watu wawili waliokuwa ndani yake, na siku chache baadaye ikaangusha ndege ya jeshi la majini la Marekani na kumuua rubani wake. Mashine iliwatambua vibaya, na binadamu waliokuwa mbele ya skrini walikuwa na sekunde chache za kuikatalia. Anayetaka kukalia kiti hicho ajue kwamba hafunzwi kubonyeza kitufe tu. Anafunzwa kuishuku mashine kwa haraka na kwa utaratibu, na kufuata mlolongo wa amri ambao mara nyingi huanzia juu ya kombania yake.

Na siku ya kweli inaweza kufika. Tarehe 23 Juni 2025, Iran ilirusha makombora ya balistiki kuelekea kambi ya Al Udeid nchini Qatar. Siku tatu baadaye, Jenerali Dan Caine, Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi ya Marekani, aliwaeleza waandishi wa habari huko Pentagon kwamba watu wengi walikuwa wameondolewa, na kambi ikabaki mikononi mwa askari wapatao 44 na kombania mbili za Patriot. Mkubwa wao kwa umri alikuwa kapteni wa miaka 28, na mdogo wao alikuwa askari wa miaka 21 ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili jeshini. Walijua kwamba makombora yakija watakuwa na kama dakika mbili za kufaulu au kushindwa. Caine alisema aliamini hayo yalikuwa mapambano makubwa kuliko yote ambayo Patriot za Marekani zimewahi kufanya kwa mara moja, na kwamba walioyafanya walikuwa wametoka vikosi vya Korea Kusini na Japani. Mtu akikuuliza mbona mnapiga misumari ardhini kwa saa ya mkononi, jibu lipo hapo.

Piga hesabu ya safari kabla ya kuoa, kuolewa au kununua nyumba

Hili ndilo linalowaondoa wengi. Patriot ni chache, na nchi zinazoziomba ni nyingi: Ghuba, Korea Kusini, Japani, Ujerumani, Poland. Mfumo mwingine, THAAD, wa kuangusha makombora ya balistiki, uko Guam tangu 2013 na Korea Kusini tangu 2017. Mwaka 2025, Jenerali James Mingus, aliyekuwa makamu wa mkuu wa jeshi la nchi kavu, alisema hadharani kwamba vikosi hivi ndivyo vilivyobanwa kuliko vingine jeshini, na kwamba kimojawapo kilichokuwa Mashariki ya Kati kingefika karibu siku 500 kabla ya kurudi. Mpango wa miezi tisa unaweza kurefushwa mkiwa mmeshafunga mabegi.

Kwa sababu hiyo, ukijua tu kikosi utakachopangiwa, ulizia kimetoka wapi, lini, na kinatarajiwa kwenda wapi. Askari waliopo watakwambia haraka kuliko ofisi. Mwandikie mwenzi wako uwakilishi wa kisheria wa kushughulikia benki, nyumba na watoto kabla ya kuondoka, kwa kuwa kambi zina ofisi ya sheria inayotengeneza hati hizo bila malipo. Weka pango na bima zijilipe zenyewe kila mwezi.

Zungumza pia na wazazi mapema, hasa kama wako Bujumbura, Mombasa au Kigoma na wamezoea kupigiwa kila Jumapili. Mweleze mama kwamba kuna siku simu zitazimwa kambi nzima bila maelezo, na kwamba ukimya huo haumaanishi msiba. Mweleze tena, kwa upole lakini bila kuacha mwanya, kwamba picha utakayomtumia isipandishwe kwenye kundi la ukoo, kwani mtambo unaoonekana kwa nyuma, mlima au mnara vinatosha kumwonyesha mtu mwingine mlipo; afadhali usipige kabisa picha ya aina hiyo. Faraja moja ndogo ni kwamba Qatar, Kuwait na Saudi Arabia zinatumia saa ileile ya Afrika Mashariki. Mara nyingi ni rahisi kumpata dada yako wa Dar es Salaam baada ya zamu kuliko kumpata mke wako aliye Texas, ambako saa ziko mbali sana na za kwako.

Wanaochoka, na wapo, wanapaswa kujua kwamba padri, mchungaji au imamu wa jeshi anaweza kusikiliza bila kuandika chochote kwenye faili lako. Mtu wa kwetu huona aibu kusema amelemewa. Msemee mwenzako ukiona amenyamaza kuliko kawaida yake, na umpeleke wewe mwenyewe.

Jiandae kutoka tangu siku uliyoingia

Kila cheti, kila leseni ya jeshi ya kuendesha gari kubwa, kila fomu ya mafunzo, itunzie nakala nyumbani na nyingine kwenye barua pepe yako. Wa 14E wenye kibali cha siri kilicho hai hutafutwa na kampuni zinazotengeneza na kuhudumia mifumo hiyo, zikiwamo Raytheon na Lockheed Martin, na baadhi hurudi Ghuba kama mafundi wa kiraia kwa mshahara ambao askari hauoni. Wa 14T wana njia nyingine ambayo jamaa zetu wengi Marekani wanaijua vizuri, nayo ni malori. Majimbo yanaweza kumsamehe mtihani wa barabarani wa leseni ya biashara askari aliyeendesha magari ya aina hiyo kwa angalau miaka miwili, mradi aombe akiwa bado kazini au ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka. Fomu hiyo inahitaji sahihi ya mkuu wako wa kikosi, kwa hiyo itafutie sahihi hiyo wakati bado mnaonana kila asubuhi karakanani.